Ruhusa ya Kumzika Baba Mkwe

Tusekile alikuwa ameolewa miaka kumi na mitano pale Masukulu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake. Ndivyo mwanamke wa Kinyakyusa wa malezi yake alivyomheshimu mkwewe: humtazami, humsalimii uso kwa uso, na jina lake halitoki kinywani mwako. Mzee akitokea njiani, Tusekile aliingia migombani mpaka apite. Mzee naye alikuwa mstaarabu, akikaribia nyumba ya mwanawe alikohoa tangu mbali ili mkwewe apate nafasi ya kujisitiri. Kwenye kiwanda cha chai alikofanya kazi kulikuwa na fundi mwenye jina kama la mzee, na Tusekile peke yake ndiye aliyemwita Baba Doreen. Wenzake walimtania wee mpaka wakachoka wenyewe.

Usidhani hawakupendana. Tusekile alipolazwa hospitali ya Makandana kwa homa ya matumbo, mzee alikwenda kila Jumapili, akaketi nje kwenye nyasi, akatuma mtu amuulize mgonjwa kama amekula. Akishajibiwa, anashika njia kurudi kwake. Baba yake mzazi hakumfanyia hayo.

Basi mwaka wa tisini na nane, asubuhi moja, Jaffari, dereva wa pikapu aliyekuwa akibeba ndizi kutoka Masukulu, alisimama kwenye geti la kiwanda cha chai akaomba aitiwe Tusekile. Mzee amefariki alfajiri. Maziko ni kesho, na mumewe, Nsajigwa, amesema aje mapema maana yeye ndiye mkwe mkubwa. Tusekile alilia palepale getini, kilio cha kweli, mpaka mlinzi akamletea kiti.

Enzi za serikali angejifunga kanga akaenda zake, ruhusa ikamfuata nyuma. Lakini kiwanda kilikuwa kimeshauzwa, nusu ya watu wamepunguzwa, na mwenye mali mpya hakuwa na mchezo: ukikosekana bila ruhusa, kazi huna. Na kazi hiyo ya kuchekecha chai ndiyo iliyokuwa ikisomesha watoto, kwani bei ya kahawa ya Nsajigwa ilikuwa imeanguka chini kabisa. Hata hivyo haki ilikuwepo. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimekubaliana na kampuni kwamba anayefiwa na mzazi, awe wake au wa mwenzi wake, apewe siku nne zenye malipo. Kilichotakiwa ni kwenda kwa afisa utumishi na kumtajia marehemu.

Afisa mwenyewe alikuwa mgeni kutoka pwani, na hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amechezewa. Kuna jamaa mmoja alichukua siku zake nne kumzika mama mkwe ambaye yu hai mpaka leo, anauza maharage sokoni. Tangu hapo afisa aliuliza jina kwanza, na alitaka jibu la haraka.

"Pole sana, mama. Marehemu anaitwa nani?"

"Ni baba yake Nsajigwa, mume wangu."

"Nimesikia. Jina lake."

"Ni babu yake Atuganile, binti yangu mkubwa."

Afisa akaweka kalamu chini. "Una binti mkubwa, na jina la mkweo hulijui?"

"Nalijua, bosi. Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake."

Ikupa, mwenzake wa chumba cha kuchekecha aliyekuwa amemsindikiza, akaingilia. "Mimi nitakutajia. Mimi si mkwe wake."

"Wewe hujafiwa, dada. Mila nimeshaambiwa za kila aina hapa. Ataje mwenyewe, au aandike, nimsainie aende zake."

Kwa Tusekile kuandika na kutaja ni kulekule. Aliwaza kuondoka bila ruhusa, akamwona Atuganile akirudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Aliwaza kubaki kazini, akaona jeneza likishushwa na watu wakiulizana mkwe mkubwa yuko wapi. Akainamisha macho sakafuni.

"Ambindwile," alisema.

"Ambi nani? Rudia, mama, niandike vizuri."

Akarudia, polepole, kipande kwa kipande, mpaka afisa akamaliza kuandika. Afisa alisaini, akasimama, akampa mkono wa pole kwa heshima zote. Maskini, hakujua alichokichukua.

Kesho yake mzee alizikwa kando ya migomba yake. Tusekile alipika, akateka maji, akalia na wanawake wenzake, na kila aliyefungua mdomo alisema mkwe huyu amemstahi mzee mpaka mwisho. Maneno hayo yalimchoma kuliko msiba wenyewe. Jioni ilipofika hakuweza tena. Aliingia ndani alikoketi mama mkwe wake mkekani, akapiga magoti, akamweleza yote.

"Ulimtaja?"

"Nilimtaja, mama. Mara mbili."

Bibi akavuta kanga yake begani. "Na huyo bwana akakupa siku ngapi?"

"Nne."

"Basi kaa zote hapa. Usimrudishie hata moja."