Spika Juu ya Mlango wa Bi Salhiya

Kila tarehe kumi na mbili Januari, Bi Salhiya wa Mkunazini hupika pilau na kutandika majamvi barazani. Majirani wanajua kuwa anasherehekea Mapinduzi. Hakuna aliyewaambia hivyo. Wameona sikukuu, wameona sufuria, wamejumlisha.

Kumbe ni hitima, kisomo cha kumuombea baba yake, Himid bin Sabri, muuza vitambaa, aliyetoka asubuhi ile ya mwaka 1964 kwenda kutazama duka lake asirudi. Fatma, dada wa Bi Salhiya, hushikilia kuwa hitima ifuate mwezi wa Kiislamu. Bi Salhiya hujibu kuwa tarehe hii watu hawendi kazini. Msomaji, Maalim Ridhwan, humuombea dua "marehemu wa nyumba hii", bila ya jina, kwa sauti isiyovuka kizingiti.

Mwaka huu, sikukuu ilipokaribia, alikuja Mcha, mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya mtaa.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu."

"Kamati imekuona. Wenzako tunawabembeleza washerehekee, wewe hungoji kuambiwa. Tunakuletea spika."

"Spika ya nini?"

"Ya nyimbo! Utapika kimya kimya mpaka lini, kama mchele wa wizi?"

Nada, mjukuu wake, alimtazama bibi yake. Ilikuwa ama Mcha aambiwe ukweli, ama mzee Himid asomewe Yasini katikati ya ngoma.

"Ilete," alisema Bi Salhiya. "Lakini kwangu husomwa kwanza."

"Bora zaidi!"

Spika ikafungwa juu ya mlango, bendera pembeni yake. Maalim Ridhwan alipoiona alikumbuka kuwa ana mgonjwa nyumbani. Bi Salhiya akamtuma Nada kutoka jikoni: "Mwambie akae. Na mwaka huu ataje jina."

Akalitaja. Himid bin Sabri likapita juu ya mapaa mpaka Darajani. Bi Salhiya aliuacha mwiko ndani ya sufuria. Tangu utotoni alikuwa hajalisikia likisemwa nje ya nyumba. Amin iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya Mcha, kwa kuwa ndiye aliyeshika maikrofoni.

Baadaye alikuja mlango wa jikoni kuomba ukoko.

"Huyu mzee Himid alifariki lini, bibi?"

"Tarehe kama ya leo. Mwaka ule wenyewe."

Mcha aliiweka sahani chini. Nje, kijana wa kamati alipiga kelele: "Mwenyekiti! Tuanze nyimbo?"

"Ngojeni," alijibu Mcha. "Watu bado wanakula."

Watu walikuwa washakula, wananawa mikono. Spika ilikaa kimya mpaka jamvi la mwisho likakunjwa.