Mwalimu aliyejipaka wanga ili somo lirudi

Ni saa tatu asubuhi, na mwalimu Tupokigwe Mwasomola amekunja mikono ya gauni lake hadi kwenye viwiko. Mezani ipo ndoo ya wanga mzito wa mihogo. Wanafunzi wa darasa la nne wameizunguka meza, na wale wa nyuma wamepanda juu ya madawati ili waone.

"Farhan, piga ngumi," anasema.

Farhan anapiga. Ngumi inagota juu ya wanga kana kwamba amepiga ubao. Mwalimu anamwambia sasa aweke mkono polepole, na mkono unazama hadi kwenye kifundo.

"Haya niambieni. Hiki ni kitu yabisi au ni kimiminika?"

Hapo kelele zinaanza, na Tupokigwe anaziacha ziendelee. Katika shule hii ya msingi iliyopo Gongo la Mboto, nje kidogo ya katikati ya Jiji la Dar es Salaam, ana wanafunzi 94 katika chumba kimoja. Anasema kelele za watoto wanaobishana kuhusu somo hazijawahi kumuumiza kichwa.

Tupokigwe, 32, alizaliwa Rungwe mkoani Mbeya. Hakupanga kufundisha hivi. Miezi michache iliyopita watoto walikuwa wakija na slaimu, ule ute wa rangi unaovutika unaouzwa madukani, wakiuchezea chini ya madawati, naye kila siku alikuwa akiwanyang'anya. Siku moja alikuwa akifundisha hali za maada, darasa zima likikariri bila kuelewa. Akauchukua ute aliokuwa amemnyang'anya Farhan, akaunyanyua juu, akawauliza ni yabisi au ni kimiminika.

"Hata ambao hawajawahi kunyoosha kidole tangu Januari walinyoosha," anasimulia. "Nikajiambia, kumbe mie ndiye nilikuwa nawanyang'anya somo."

Akaanza kuutengeneza nao. Gundi nyeupe aliinunua kwa fedha yake kwa mafundi samani wa Keko. Hisabati ikaingia yenyewe: ikiwa kikombe kimoja kinawatosha watoto sita, darasa zima linahitaji vikombe vingapi? Kwenye Kiswahili walitafuta maneno ya kuueleza, kwamba unanata, unateleza, unavutika. Walibishana hata uitweje. "Mlenda" lilikataliwa kwa sababu, walisema, mlenda ni wa kuliwa.

Kisha likatokea la Salma.

Ijumaa moja Salma, mtoto wa miaka kumi, aliondoka shuleni na bonge la ute mfukoni. Jioni hiyo alisukwa nywele kwa ajili ya harusi ya mama yake mdogo, iliyokuwa kesho yake. Akalala na ute mkononi. Asubuhi ulikuwa umeingia kwenye misuko na kukaukia humo. Mama yake, Mwajabu, alijaribu mafuta, akajaribu sabuni, mwisho akashika mkasi. Salma alikwenda harusini amejifunga ushungi, akalia kutwa nzima.

Jumatatu Mwajabu alifika ofisini kwa mwalimu mkuu, Wilfred Komba, akaiweka misuko iliyokatwa juu ya meza. Tupokigwe aliitwa.

"Nywele zilikuwa pale mezani," anakumbuka.

Mwalimu mkuu akapiga marufuku ute shuleni. Lakini kilichomuuma zaidi Tupokigwe ni nafasi ya Salma kwenye dawati, iliyobaki wazi wiki nzima. Wenzake walisema anaona aibu, anaogopa kuchekwa.

Jumamosi alimfuata nyumbani. Mwajabu huuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara, na alimkuta uani akimenya. Aliitikia shikamoo ya mwalimu bila kunyanyua uso. Tupokigwe akaomba radhi. Kwa kuwa hakuambiwa aondoke wala akae, alivuta kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya naye.

Walimenya muda mrefu. Baadaye Mwajabu akainuka kumwaga maji ya beseni alimokuwa ameloweka mihogo iliyokatwa tangu asubuhi. Chini ya beseni kukabaki tabaka jeupe, zito, la wanga. Salma, aliyekuwa amekaa mlangoni na kofia ya kaka yake kichwani, akasogea na kulidonoa kwa kidole. Kidole kikagota. Akachota kiganjani, akafinya, ukagangamaa. Akalegeza mkono, ukachuruzika katikati ya vidole. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya harusi.

Tupokigwe alimsihi Mwajabu asiumwage.

"Takataka hiyo, mwalimu," Mwajabu alimwambia. Kisha akamkazia macho. "Na hiyo nayo ikiingia kwenye nywele za watoto?"

Tupokigwe alichota konzi ya wanga akajipaka kichwani, juu ya misuko yake mwenyewe. Wakaendelea kumenya mpaka ukakauka na kuwa unga. Ndipo akainamisha kichwa, Mwajabu akammwagia maji kwa kopo na kupitisha vidole msuko mmoja mmoja. Ukatoka wote.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Mwajabu. "Mwalimu mzima, kichwa cheupe kama bibi kizee. Hasira ningeiweka wapi tena?"

Jumatatu walikwenda shuleni watatu, na aliyemwombea mwalimu ruhusa alikuwa Mwajabu. Komba alikubali kwa masharti: gundi isirudi, na wanga usitoke nje ya darasa. Siku ya kwanza alikuja kusimamia mwenyewe, akazamisha mkono pamoja na saa yake. Watoto walimtazama kwa woga mpaka alipoanza kucheka.

Hakuna aliyemcheka Salma. Wote walitaka kujua wanga unapatikanaje, na yeye ndiye aliyejua. Alisimama mbele akaeleza: kumenya, kukata, kuloweka, kungoja, kumwaga maji. Maelezo yake yakawa somo la Kiswahili la siku hiyo, la kuandika maelekezo. Kwenye jiografia walichora njia ya mihogo kutoka mashamba ya Mkuranga hadi kwenye beseni la mama yake.

"Hesabu za sehemu zilikuwa zinanichanganya," anasema Salma. "Tunaweka vikombe viwili vya wanga na kimoja cha maji. Sasa nikiona theluthi mbili, naona vikombe."

Mwakani watoto hawa wanaingia darasa la tano, na Tupokigwe ameomba apande nao. Anataka walinganishe wanga wa mihogo, wa viazi na wa mahindi, wapime upi unagangamaa zaidi, kisha waandike ripoti yao wenyewe.

Jibu alilipata wiki iliyopita, akiwa anadeki baada ya kipindi. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, akautazama weupe uliotapakaa sakafuni hadi kwenye korido.

"Panda nao," alimwambia. "Na hilo dekio upande nalo."