Utamu wa Ghorofa ya Tano

Watu wa jengo letu hupenda kusema kwamba tarishi wetu alijitakia mwenyewe. Husema hivyo wakiwa wamekaa, kikombe cha chai mkononi, na wengi wao hawajawahi kupita ghorofa ya tatu kwa miguu bila kusimama kujishika kiuno. Mimi nimekaa meza ya mapokezi miaka kumi na tisa. Nilimwona akipanda, nilimwona akishuka, na kama kuna wa kulaumiwa, basi na mimi nimo. Kwa hiyo niacheni nieleze.

Jengo lina ghorofa tisa. Lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Mlango wake ulibandikwa karatasi iliyoandikwa "Matengenezo" mpaka karatasi ikageuka njano, na wafagiaji wakapageuza pale mahali pa kuegemeza mafagio. Barua zote, faili zote, bahasha za siri na za wazi, zilipanda kwa miguu ya mtu mmoja. Ndiyo maana tukamwita Lifti. Akija mgeni akauliza lifti iko wapi, tulimjibu, "Iko ghorofa ya sita, inashuka sasa hivi," na mara anatokea mtu mwembamba wa miaka hamsini na mitatu, daftari la barua kwapani, anauliza nani anamtaka. Utani huo tuliucheka miaka yote na haukutuchosha.

Ngazi alizijua kama mtu anavyojua meno yake. Mia moja na tisini na nane kutoka mezani kwangu hadi juu. Ya hamsini na nne ilikuwa na ufa, na ile ya kabla ya ghorofa ya saba ilikuwa fupi kuliko wenzake, ikawaangusha makarani wawili kwa mwaka. Yeye alizipanda mara kumi kwa siku, na mwisho wa mwezi hata mara kumi na tano.

"Mpaka ya tatu mimi ni mzee," aliniambia siku moja. "Kifua kinabana, magoti yananung'unika. Ya nne najiuliza kwa nini sikusoma. Halafu, dada yangu, nikikanyaga ya tano, kitu kinafunguka hapa." Akagusa kisogo chake. "Kila kitu kinakuwa chepesi. Nawapenda watu wote. Hata mhasibu."

"Labda ni njaa," nikamwambia.

"Njaa ina utamu gani?"

Sikumsadiki, ila kwa macho nilimwona. Alishuka na jasho na uso mkunjufu, akawatania walinzi, akanivunja mbavu na mimi, kisha akachukua mzigo mwingine. Mkewe ndiye aliyekuwa na habari za upande wa pili. Yeye hushona sare za shule nyumbani, nami humwita wifi, kwa sababu Lifti alinifanya dada yake tangu wiki yangu ya kwanza kazini.

"Jumapili kwangu anakuja mtu mwingine, wifi," aliniambia. "Kichwa kinamuuma. Cherehani inampigia kelele. Chai ina sukari nyingi, mara chai haina sukari. Ikifika saa kumi anaanza kuzunguka uani kama anatafuta ufunguo. Mimi naingoja Jumatatu kuliko mtoto anavyoingoja kengele ya kwenda nyumbani."

Tuliyacheka hayo nayo. Tulikuwa wepesi wa kucheka.

Mwaka huu tukapata mkurugenzi mpya. Alipanda ngazi mara moja tu, akafika ghorofa ya tisa hawezi kutamka jina lake, na baada ya wiki tatu lifti ikawa inafanya kazi. Akatoa amri kwa nia njema kabisa: mzee wetu apumzike, sasa barua zipande kwa lifti. Tukapiga makofi. Lifti akaingia ndani na daftari lake, mlango ukajifunga, na baada ya dakika chache akarudi chini na uso niliokuwa nimeusikia kwa wifi tu. Uso wa Jumapili.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kabati," alisema. "Nimefungiwa kwenye kabati."

Kabla ya wiki kwisha Jumapili ilikuwa imeenea siku zote saba. Aligombana na karani kwa ajili ya muhuri uliopinda. Walinzi wakiwa wanataniana, yeye anatazama ukuta. Na mguu ukaanza kumuuma, wa kulia, juu ya unyayo karibu na vidole. Akawa anachechemea, na sababu alikuwa nayo tayari.

"Miaka thelathini ngazi hazijanifanya kitu," alisema. "Lifti siku nane tu, tazama."

Akarudi kwenye ngazi kwa siri, nami nikajitia hamnazo. Siku hiyo alishuka amefurahi mno, akainama mezani kwangu. Ghorofa ya kwanza mguu ulimuuma, ya pili ukamuuma zaidi, ya tatu nusura alie. Ya tano ukanyamaza kimya, na akamaliza ya tisa kama kijana. "Umeona?" alisema. "Kukaa ndiko kunakoniua." Nami, mtu mzima na akili zangu, nikamwambia kwamba inawezekana.

Wifi hakutaka kusikia hayo. Alimkokota hadi hospitali akapigwa picha ya mfupa. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye subira, akawaonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa wa mguu. Haukuwa wa siku nane. Ulikuwa na miezi, na kila ngazi iliuongezea kidogo.

"Sasa mbona nikipanda hauumi?" Lifti aliuliza.

"Kwa sababu ubongo wako unatengeneza dawa yake mwenyewe, baba. Inaitwa endofini. Mwili ukikazwa sana unaimwaga, ili maumivu yapungue uweze kuendelea. Na furaha inakuja hapo hapo. Wataalamu bado wanabishana kama furaha hiyo ni endofini peke yake au ina wenzake, lakini wewe unaijua kuliko sisi tulioisoma. Hata kicheko kinaileta kidogo, hata kuimba na wenzako. Ni kitu kizuri. Ila inanyamazisha maumivu tu, haiungi mfupa."

"Kwa hiyo mimi ni mlevi?"

"Sijasema hivyo."

"Mke wangu amesema."

Akapewa wiki sita bila kukanyaga ngazi hata moja. Mkurugenzi akaniagiza niulinde mlango wa ngazi, kwa kuwa unatazamana na meza yangu. Ndivyo nilivyogeuzwa askari jela, tena wa kaka yangu.

Sitaki kukumbuka siku zile. Kati ya safari moja ya lifti na nyingine alikaa kwenye stuli kando yangu, mguu juu ya katoni ya karatasi, macho mlangoni. Alijisugua mapaja. Alihesabu kwa midomo bila sauti, na nilijua anahesabu nini kwa sababu kila alipofika mwisho alifumba macho. Nilimpa mzaha wangu mzuri kuliko yote, ule wa mlinzi na mwavuli, akacheka kwa adabu tu. Chumba kile cha mapokezi kina dirisha moja lisilofunguka, na mimi sikuwahi kuliona kuwa dogo mpaka mwezi ule.

"Dada, nipe moja tu," aliniomba. "Mpaka ya tano, nigeuke."

"Kaa."

"Unajua naamka nikiwaza nini? Nawaza ile ya hamsini na nne."

"Kaa, kaka, tafadhali." Nilimfokea, nikajifanya natafuta kalamu, maana machozi yalikuwa yananilenga.

Basi akabuni njia. Tarishi wa miaka thelathini, ambaye hajawahi kupoteza hata kadi ya mwaliko, akaanza kukosea milango. Barua ya ghorofa ya nane aliiacha ya sita. Ya tisa aliiacha ya saba. Halafu ilimbidi aende kuirekebisha, na kutoka ya sita hadi ya nane ni ghorofa mbili tu, nani ataita lifti? Milango ya ngazi ya huko juu mimi sikuiona. Lakini kwetu kila anayepokea barua lazima asaini daftari, na daftari hurudi kwangu jioni. Siku ya pili tu nilikuwa nimeshaelewa. Saini za watu wasiohusika zilijipanga ukurasa mzima, na chini yake saini za wahusika.

Nilinyamaza. Sababu ni kwamba alikuwa anashuka akicheka. Siku aliyocheka na mimi nilipumua. Nikajiambia ghorofa mbili si tisa, nikalifunga daftari.

Alipopigwa picha ya pili, ufa ulikuwa umepanuka. Sasa ilitakiwa apasuliwe na kutiwa skrubu. Daktari bingwa wa mifupa huja hospitali kuu wiki moja kila nusu mwaka, na orodha ya wagonjwa wake ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Lazima mgonjwa awe na barua ya mwajiri yenye saini ya mkurugenzi. Akiikosa, angojee awamu nyingine, na daktari hakuficha kitu: miezi sita kwa mfupa ule maana yake kutembea na mkongojo maisha yake yote.

Ofisa utumishi wa ghorofa ya pili aliiandika barua Jumanne asubuhi. Mambo ya ugonjwa kwetu ni siri, kwa hiyo iliingia kwenye bahasha ya siri, na bahasha ya siri haina jina la mtu juu yake, ina namba tu. Tarishi wa kweli haulizi kilichomo. Hilo Lifti alijivunia kuliko yote.

Mchana wa Jumanne hiyo mkurugenzi alimkuta akichechemea kwenye korido, akamsimamisha kazi ya barua papo hapo. Akae mapokezi mpaka aitwe hospitali, mfagiaji mmoja atambebea mzigo wake. Akakaa. Jumatano akakaa, Alhamisi akakaa, macho kwenye mlango wa ngazi.

Ijumaa wifi alifika saa tano na robo na begi la nguo za mumewe za kulazwa. Pikipiki ilikuwa inangoja nje, hospitali ni mwendo wa dakika kumi. Nikapiga simu ghorofa ya tisa kuulizia barua. Hawajaiona. Nikapiga ya pili. Imetoka tangu Jumanne, wakanitajia namba ya bahasha. Nikafungua daftari nikaitafuta ile namba, na nikaiona. Imepokewa masijala, ghorofa ya saba.

Nikamgeukia. Alikuwa analisoma daftari kutoka upande wake, kichwa chini, na nilimwona akiielewa ile namba.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

Wifi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mna nini nyie wawili?"

Nikapiga masijala. Karani akaniambia bahasha iko salama kwenye droo, haijafunguliwa, walijua mzee atairudia kama kawaida yake, na bahasha ya siri hapewi mfagiaji, anapewa tarishi aliyeisainia. Kabla sijaweka simu Lifti alikuwa amesimama mbele ya lifti. Taa ilionyesha tisa.

"Iko juu," alisema. Naapa sauti yake ilikuwa na furaha.

"Inashuka, kaka! Ngoja, tazama, nane!"

Mlango wa ngazi ulikuwa umeshajifunga. Lifti ikafika, ikafunguka, haina mtu, ikajifunga tena.

Tulingoja. Saa sita kasoro dakika tano mkurugenzi alikuwa bado kwenye kikao, ndivyo nilivyoambiwa, na Lifti amesimama mlangoni na bahasha, amekataa kiti. Saa sita ikapiga. Saa sita na robo nikapiga simu hospitali nikabembeleza kama sijawahi kumbembeleza mtu. Orodha imefungwa, imeshapelekwa kwa daktari, imejaa. Nikaweka simu. Wifi aliisoma habari usoni mwangu, akakaa kwenye benchi na begi mapajani.

Nikamwambia yote hapo hapo, daftari na saini na kunyamaza kwangu. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

Mlango wa ngazi ukafunguka. Shati limemganda mwilini, uso unang'aa, barua imeinuliwa juu. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda nje, na alikuwa anakanyaga kwa ubavu wa kiatu bila habari.

"Mia moja na tisini na nane!" alisema. "Kwenda na kurudi! Hauumi hata kidogo. Nileteeni kijana wa kunifikia!"

Nilifungua mdomo. Wifi akanishika mkono kwa nguvu.

"Usimwambie," alininong'oneza. "Mwache kwanza. Furaha hiyo haikai muda mrefu."

Akamvutia stuli, akamketisha, akapiga magoti akaanza kulegeza kamba za kiatu taratibu. Lifti alikuwa anatusimulia jinsi mkurugenzi alivyosaini amesimama, kalamu ikagoma, akaitikisa, wino ukamrukia kwenye tai. Alicheka, nasi tukacheka naye, mimi nikijifuta macho kwa kiganja. Kisha akaacha hadithi katikati, akautazama mguu wake, na wifi akamshika mkono.