Papa Ameniruhusu Kwenda Ng'ambo

Leo asubuhi papa ameniruhusu kwenda ng'ambo, na sihisi chochote.

Kwa miezi mitatu nimemsihi baba yangu huyu. Nataka kutembea katika misitu ya Usambara, Tanzania, mbali na mbuga zinazojaa magari ya watalii. Bila baraka yake siendi. Mnaijua nyumba yetu.

Tanzania sikuitaja. Nilihofia jina hilo lingemtisha, nikasema tu "ng'ambo, mahali penye miti na utulivu." Niliona ni ufundi wa hoja.

Leo akasimama mbele ya familia nzima.

"Nimekubali. Mutoto wangu ataenda ng'ambo!"

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikapiga magoti.

"Kesho utavuka na jirani yetu Maman Zawadi, anapeleka nyanya sokoni. Miti iko kule pia. Lakini saa kumi ukuwe umesharudi!"

Ndugu zangu, hapa Kamembe, mpakani, ng'ambo ni Bukavu, mji wa nchi jirani. Ni ng'ambo ya mto tu.

Mimi ninayewatikisa wahadhiri kwa maneno, nilipata mawili: "Asante, papa."

Machozi ya furaha yalikuwa yanamlengalenga.

Niambieni, nani kati yenu angemsahihisha?