Sahihi ya Deogratias

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya sikuyaota wala sikuhadithiwa. Yalinipata mimi mwenyewe, hapa Bukavu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na wino mikononi. Watu hupenda mizimu ije usiku wa manane. Wangu alikuja saa tisa alasiri, akabisha hodi kama mtu mwenye adabu.

Nilikuwa karani wa shule moja ya msingi kule Kadutu, wakati nchi ikiitwa Zaïre. Walimu walikuwa na kikundi chao cha maigizo, na kila walipoandaa mchezo ni mimi niliyetengeneza jalada la programu, ile karatasi iliyokunjwa kati ambayo watu walipewa mlangoni. Siku hizi mnabonyeza kitufe. Sisi tulichora kwenye stensili, karatasi laini yenye nta. Unaikwaruza kwa kalamu ya chuma, na palipokwaruzwa ndipo wino unapopita ukizungusha mashine ya ronéo, ile ya kutolea nakala. Ukikosea, unapaka vernis, dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, mkwaruzo unaziba. Ukipaka vizuri, hakuna atakayejua kwamba palikuwa na kitu. Nami nilikuwa hodari wa kupaka vernis, niamini.

Kikundi chetu kilikuwa na desturi yake. Mwenye nafasi kubwa katika mchezo alikuja kukaa mbele yangu kwenye kigoda, namchora uso, halafu yeye mwenyewe anachukua kalamu ya chuma na kutia sahihi chini ya uso wake. Watu waliyabandika majalada hayo ukutani nyumbani kwao. Si kila mtu alikuwa na picha yake wakati ule.

Mwaka huo nafasi kubwa ilikuwa ya mwalimu Déo. Deogratias, mtu wa Mwenga, mwalimu wa darasa la kwanza, mrefu, kichwa amekiinamisha kidogo kushoto kama anayemsikiliza jirani. Mtoto akishindwa kuandika, Déo alisimama nyuma yake, akakifunika kile kimkono kwa kiganja chake, wakaandika pamoja. "Mukono iko na akili yake," alizoea kusema. "Ukiifundisha mara moja, haisahabu." Mimi aliniita Maman Programme, na nilipenda kuitwa hivyo, ingawa nilijifanya kuchukia.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia. Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Kila mtu alitakiwa kuwa na jina la mababu, na katika daftari zote za shule Déo alikuwa Kitoga. Lakini siku ya kukaa kwenye kigoda tulikuwa tunataniana, yeye akachukua kalamu, na mkono ukaandika kama ulivyozoea tangu shule ya mapadri: Deogratias, herufi zote, na mkia mrefu unaorudi chini mpaka kwenye D. Je, niliona? Niliona. Ningeweza kupaka vernis pale pale, akaandika upya. Lakini sahihi ilikuwa nzuri, nami nilikuwa nacheka, nikasema nitairekebisha kesho. Kesho yake nikasahau, nikapeleka nakala ya kwanza kwenye ofisi ya Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, maana bila muhuri wao mchezo hauchezwi.

Tuliitwa wote wawili. Kiongozi aliyetuita hakupaza hata sauti. Aliweka kidole chake juu ya jina.

"Nani aliandika hii?"

"Ni miye, citoyen," Déo akasema. Citoyen ni mwananchi; wakati ule ndivyo tulivyoamriwa kuitana.

"Na weye, citoyenne? Njo weye unachoraka. Haukuona?"

Hapo ndipo maisha yangu yalipokatikia. Nikajibu, "Hapana, citoyen. Alitia sinyatire wakati nilikuwa nimetoka inje."

Déo aligeuka akanitazama. Siku ile ile alifukuzwa kazi, na juma lile lile akarudi kwao Mwenga, kuchimba dhahabu kama wadogo zake. Kama ningesema tulikuwa pamoja na mimi ndiye niliyesahau, pengine tungegawana adhabu, kila mtu nusu. Sijui. Niliogopa, na kwa hofu ile nilimuuza mtu aliyeniita maman. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na bado natembea.

Nafasi yake ilipewa mwalimu mwingine, mwenye ndevu. Stensili mpya haikupatikana, hivyo mkuu wa shule akaniambia nitumie ile ile. Nikapaka vernis juu ya sahihi. Nikaziba kovu dogo alilokuwa nalo Déo kwenye nyusi, nikamwongezea ndevu kidevuni. Ikatoka sura ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Jumamosi ya mchezo nilibaki peke yangu ofisini nikizungusha mashine. Wenzangu walikuwa ukumbi wa parokia wakipanga viti. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka husikii mawazo yako. Lakini ile hodi niliisikia.

"Jambo, Maman Programme. Bado unazungusha tu?"

Alikuwa Déo. Nilifurahi, usifikiri nilishtuka. Nilidhani ameshuka kwenye lori la kutoka Mwenga. Udongo mwekundu ulikuwa umemkaukia kichwani na mabegani, na hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza: mvua ile yote, udongo umekaukaje? Sikujiuliza. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa kushoto.

"Njia ilikuwa aje?" nikauliza.

"Mubaya. Nimekuya kutia sinyatire."

"Ulishatia, Déo."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha jalada. Alilitazama muda mrefu, kama anayesoma barua ya kilio.

"Huyu ni nani?"

"Ni mwalimu mwengine. Balinilazimisha, Déo. Weye unabajua."

Akanyoosha mkono. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo. "Nipatie ile kalamu. Jina tu. Kazi, siombi. Niandike jina, mama yangu atanitambua."

Vernis ikishakauka unaweza kukwaruza juu yake tena. Kazi ya nusu dakika. Lakini nilijua jioni ile wakubwa wa Chama watakaa viti vya mbele, kila mmoja na programu mkononi.

"Hapana," nikasema. "Unataka banifukuze na miye?"

Nikaikamata kalamu ngumini, nikaificha mgongoni. Mtu mzima, mwenye diploma, nimeficha kalamu kama mtoto aliyeiba sukari.

Hakukasirika. Heri angenitukana. Aliinuka, akaja akasimama nyuma yangu kama alivyokuwa akifanya darasani, akaifunika ngumi yangu kwa kiganja chake. Kilikuwa kizito kama gunia la mchanga uliolowa. Akauleta mkono wangu mbele, tukaandika pamoja hewani, polepole, jina lote, kutoka kwenye D mpaka mkia.

"Basi," akasema, "ubaki nayo."

Akatoka, akaingia kwenye mvua. Nilijiambia ni mtu mwenye uchungu, acha aende, utapoa. Nikachukua kitambaa nikapangusa udongo aliouacha kwenye kigoda, nikaendelea kuzungusha mashine.

Mchezo ulikwenda vizuri. Wakubwa walipiga makofi. Watu wakiwa wanatoka, mwanamke mmoja aliyefunga kitenge kichwani alinijia pale mlangoni, miguu imejaa tope la safari.

"Ni weye Maman Programme?"

"Ni miye, maman."

"Miye ni dada ya Déo. Leo ni siku ya ine tangu shimo iliwaangukia. Balichimba, balichimba, hawakumupata. Tuko kwa kilio bila mwili, bila foto. Alikuwa anatuambiaka uko na sura yake kwa karatasi, na jina yake kwa mukono yake. Mama ametuma niombe ile karatasi."

Siku ya nne. Hesabu mwenyewe, mimi sina nguvu. Saa tisa ya alasiri ile nilikuwa nimeongea na nani?

Nakala ya kwanza ilikuwa imebaki kwa Chama, sikuwa na jingine la kumpa. Nikampa jalada. Akalipeleka karibu na taa, akalitazama, akaligeuza kama anayetafuta upande mwingine, akalitazama tena. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Huyu haiko yeye," akasema. "Aksanti, maman."

Nilikimbia ofisini nikaanza kukwangua vernis kwa ukucha ili nilipate jina lake chini. Stensili ikapasuka katikati. Nikajaribu kumchora upya. Mikono yangu ikachora ndevu.

Ungedhani imeishia hapo. Jumatatu nilifika shuleni, nikainama kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, na mkono wangu ukaandika Deogratias. Herufi zote, na mkia. Nikafuta, nikaandika tena, likatoka lile lile. Nikajaribu mkono wa kushoto, ambao haujawahi kuandika chochote maishani, nao ukaliandika bila kutetemeka. Nikiandika barua, jina langu linatoka vizuri katikati ya sentensi. Nikifika chini, pale mahali pa sahihi, si mimi tena ninayeandika.

Mkuu wa shule alifikiri nawadhihaki. Nikaitwa tena ofisi ya Chama, kwa kiongozi yule yule, kidole kile kile juu ya jina lile lile. Safari hii nikasema kweli yote: nilikuwepo, niliona, nilisahau, nilidanganya. Akanitazama kama unavyomtazama mlevi. Kweli yangu ilikuwa imechelewa, hapakuwa na mtu anayeihitaji. Nilifukuzwa kazi, kama alivyofukuzwa yeye.

Nilipoolewa, mbele ya ndugu wote, niliomba kibweta cha wino nikaweka kidole gumba kwenye kitabu cha ndoa. Nilisikia mama mkwe wangu akinong'ona, "Balituambia alisoma." Mume wangu alikufa akiamini nilimficha jambo kuhusu mwanamume mmoja wa Mwenga, na kwa namna fulani hakukosea. Baadaye majina ya ubatizo yakaruhusiwa tena, watu wakayavaa kama nguo za Pasaka. Mimi nilikuwa nimelibeba la mwenzangu miaka yote hiyo, na hakuna aliyenipongeza.

Nilikwenda Mwenga mara moja, nikamwomba mama yake msamaha. Alikuwa amepofuka. Niliweka karatasi magotini pake, nikatia sahihi, nikamshika kidole nikakipitisha juu ya wino, kutoka kwenye D mpaka mkia. Alilia. Nilidhani sasa itatosha. Haikutosha. Kesho yake mkono uliandika vile vile.

Kwa hiyo nakuambia, wewe unayesoma: ukiwa karani, ukiwa mchoraji, ukiwa nani sijui, usifute jina ambalo mtu ameliandika kwa mkono wake mwenyewe ili wewe ulale salama. Na mwenye jina akirudi kuliomba, mpe kalamu. Mpe upesi, hata kama wakubwa wamekaa viti vya mbele.

Na usitafute jina langu chini ya kisa hiki. Nimeweka kidole gumba.