Dereva wa Chumba cha Nyuma

"Mama Fundi, hebu niambie ukweli, huyo mwanao huwa anamfokea nani humo chumbani?"

Jirani wa mlango wa pili aliuliza hivyo siku moja, wakati wao wawili wakianika nguo kwenye kamba moja. Mama Fundi akabana kibanio kwa meno ili apate muda wa kufikiri. Angeanzia wapi? Aseme kwamba mwanawe wa miaka thelathini na sita, fundi wa mafriji, mtu mzima na ndevu zake, anakalia kiti cha gari bovu mbele ya kompyuta na kushindana mbio na watu ambao hajawahi kuwapa mkono?

"Anaendesha gari," akasema mwishowe.

"Gari gani tena, shoga yangu? Hana hata baiskeli!"

Wakacheka mpaka shuka likaponyoka na kuanguka kwenye tope, ikabidi lifuliwe upya.

Ni kweli, Fundi hakuwa na baiskeli, wala hakuwahi kuomba leseni. Lakini kuendesha alianza zamani. Baba yake, naye fundi wa mafriji, alikuwa na friji moja bovu lililolazwa chali uani. Mtoto aliingia humo kama mtu aingiaye kwenye gari, akashika usukani wa hewa, akanguruma mpaka mate yakamtoka. Mama yake aliung'oa mlango wa friji kwa mikono yake mwenyewe, asije akafungiwa ndani. Wala baba hakugomba. Alisema tu, "Sasa hiyo ni gari ya wazi."

Baba alipofariki, kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Akarithi karakana, chumba kimoja kando ya barabara, na ndani yake mtungi wa gesi, mirija ya shaba iliyoning'inia ukutani, na harufu ya chuma kilichoungua isiyotoka kwenye nguo hata kwa sabuni ya magadi. Aliifanya kazi ile kwa sikio. Akiinama juu ya friji la mtu na kusikiliza mota yake, alisema, "Huyu anapumua vibaya," na mara nyingi alikuwa sahihi.

Kiti cha mbio alikipata kwa wauza vyuma chakavu. Jirani mchomeleaji akakishikiza kwenye fremu iliyotokana na miguu ya friji la duka. Usukani aliununua umeshatumika. Pedali ya breki ilikuwa laini mno kwake, kwa hiyo akaiwekea chini mpira wa kukalia mota ya friji, ule mgumu. "Breki lazima ikukatalie kidogo, Mama," alieleza. "Isipokukatalia huwezi kujua umefika wapi." Mama hakuelewa, lakini aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akimwitikia marehemu mumewe.

Akajiunga na ligi ya mbio za kompyuta, na mwaka wa kwanza alishika mkia. Wa pili akawa wa katikati. Mwaka wa tatu akaanzisha timu yake, akaiita Taratibu.

"Timu ya mbio kuitwa Taratibu!" Mwalimu, dereva wa kwanza kujiunga naye, alimcheka siku ya kwanza. "Ndugu yangu, si bora ungeiita Kesho?"

Huyo Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, wa hesabu, katika mji wa mbali. Wa tatu alikuwa Nesi, mwanamke wa wodi ya wazazi, mwepesi kuliko wote. Gari lao la kwenye kompyuta Fundi alilipaka rangi nyeupe tupu, na wapinzani wakiliona tu walianza, "Pisheni, Friji linakuja!" Kwa miaka sita watatu hao walijuana kwa sauti. Mama Fundi alipolazwa kwa homa ya mapafu, Nesi alipiga simu kila siku kuuliza kama amemeza dawa. Ndiyo maana mama alikuwa akiingia chumba cha nyuma, anavaa vile vidude vya masikioni, na kusema kwa sauti kubwa kama anayeita ng'ambo ya mto, "Hamjambo, wanangu?"

"Shikamoo, Mama Timu!" waliitikia.

"Marahaba. Msigongane."

Msimu huu mambo yalianza kwenda kombo, na yalianzia kwenye chai. Fundi alikuwa akiweka kikombe nje ya ukingo wa meza, upande wa kushoto, kikombe kinadondoka naye anashangaa. Mara bega lake linagonga fremu ya mlango. Mama alipouliza, alijibu, "Uchovu tu." Mama naye akaukubali uchovu, kwa sababu mzazi hukubali upesi jibu analolitaka.

Kisha zikaja mbio za muda wa saa nne mfululizo, Jumamosi mchana, ambazo madereva wa timu hupokezana gari moja. Baada ya zamu ya Mwalimu, Nesi aliendesha yake akamwachia Fundi gari likiwa nafasi ya tatu. Taratibu haikuwahi kufika hapo. Zilipobaki dakika ishirini, Fundi alikata kona ya kushoto, na papo hapo akagongana na gari la mtu aitwaye Kobe. Wote wawili wakaishia ukutani.

Ligi yao ina sheria moja ambayo wageni huiona ya ajabu. Magari yakigongana, kila dereva huandika maelezo yake kabla ya kuonyeshwa picha za tukio. Ukikosea kuendesha, unakatwa pointi. Ukiandika uongo, timu yako nzima inatolewa kwa msimu. Maana, wanasema, gari si la kweli, barabara si ya kweli, basi angalau neno la mtu liwe la kweli.

Fundi akaandika, "Kushoto kwangu hapakuwa na gari. Kobe alinijia kwa nyuma."

Picha zikatolewa. Gari la Kobe lilikuwa kushoto kwake, mlango kwa mlango, tangu mwanzo wa barabara iliyonyooka mpaka kwenye kona.

"Hata kipofu angeliona," Kobe aliandika kwenye kundi lao.

"Friji lina barafu machoni," akadakia mwingine.

Kikao cha ligi kikapangwa Jumatano, saa kumi na moja jioni. Mwalimu akapiga simu kwanza. "Ndugu yangu, sema uliandika kwa hasira; hasira hawaihesabu uongo. Omba radhi. Watatukata pointi, yataisha, nawe utaendelea kuendesha."

Nesi alipiga baadaye, na hakuzunguka. "Miaka sita nakuamini. Nilikukabidhi gari likiwa la tatu. Kama umekosa, sema nimekosa! Uongo wa nini?"

Fundi alirudi kwenye zile picha, akazitazama tena na tena. Mama alimwona kwa upenyo wa mlango akiweka kidole juu ya kioo cha kompyuta, pale lilipokuwa gari la Kobe, kama mtu anayepapasa kidonda.

Jumatatu mchana mama alimpelekea chakula karakana. Fundi alikuwa ameinama akiunga mrija. Mama akasimama kushoto kwake na bakuli mkononi, akangoja amalize. Fundi alipogeuka, alimkumba, na mchuzi wote ukamwagika sakafuni.

"Mama! Umetokea wapi?"

"Nimesimama hapa tangu ulipowasha moto."

Wakatazamana. Mama akaweka bakuli tupu juu ya friji la mteja, akafuta mikono.

"Funika jicho la kulia," akamwambia.

"Aa, Mama, tusianze mambo ya kitoto."

"Funika, baba. Nitazame puani."

Akalifunika. Mama akanyoosha mkono wake pembeni, akainua vidole vitatu. "Ni vingapi?"

Fundi akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani umeinua mkono?"

Mama aliuteremsha mkono polepole. Alitaka kulia, lakini alijizuia, kwa sababu mteja alikuwa akiingia kuulizia friji lake.

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa macho. Fundi alikalishwa mbele ya mashine ya vinukta vya mwanga, akaambiwa abonyeze kitufe kila aonapo kinukta. Mama, aliyekaa nyuma yake, aliviona vinukta vingi vikiwaka na kuzimika bila kitufe kubonyezwa. Daktari akasema ni presha ya jicho. Imekula uwezo wa kuona pembeni wa jicho la kushoto, na imeanza kuligusa la kulia. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone, kila siku, itamlindia kilichobaki.

"Naweza kuendelea kuendesha?" Fundi akauliza.

"Una gari la aina gani?"

"Sina gari, daktari."

Daktari akamtazama mama. Mama akasema, "Ana timu."

Wakiwa njiani kurudi, Fundi alizungumza akiangalia mbele. "Nikisema nilikuwa na hasira, Mama, nitaendelea kuendesha. Nitageuza shingo zaidi, basi. Nikisema jicho, hakuna atakayekubali kuwa karibu nami barabarani. Nitakuwa nimekwisha."

"Na hiyo hasira, ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo."

Siku ya Jumatano asubuhi mama alipiga magoti kando ya kitanda chake, akaomba kwa maneno machache: Mungu wangu, asiitwe mwongo kwa ajili ya kitu ambacho hakukiona. Na akichagua kukwepa, usimwache. Kisha akaenda kumtia matone, kwa kuwa Fundi alikuwa akifumba jicho kila tone lilipokaribia, mtu mzima kama yule.

Saa kumi na moja jioni mama aliketi kitandani, nyuma ya kile kiti. Fundi aliacha sauti zitoke kwenye spika ili naye asikie. Msimamizi wa ligi akasoma maelezo ya Fundi, akauliza, "Unayo ya kusema?"

Mama aliona mguu wa mwanawe ukikandamiza breki, ingawa kompyuta haikuonyesha barabara yoyote.

"Nilichoandika ndicho nilichoona," Fundi akasema. "Sikuliona gari. Jana nimepimwa. Jicho la kushoto limekufa pembeni. Cheti nimewatumia."

Hakuna aliyetania. Kobe ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake haikuwa na kejeli tena. "Pole, kaka. Lakini nikuulize. Hukuwahi kuhisi kitu kabla? Maana mimi nilikuwa pale kando yako, nikikuamini."

"Nilihisi," Fundi akajibu. "Tangu msimu uliopita. Nilikuwa najikwepa mwenyewe. Hapo nimekukosea."

Msimamizi akaomba dakika tano, na zikawa kumi. Aliporudi alisema maelezo hayakuwa ya uongo, na Taratibu inabaki kwenye ligi. Pointi za mbio zile zimefutwa. Na Fundi hataendesha tena katika ligi yao, kuanzia leo.

"Nimeelewa," Fundi akasema. Mikono yake ikaachia usukani na kukaa juu ya mapaja, kama mikono ya mgeni asiyejua aiweke wapi.

Kwenye spika alisikika Nesi akivuta kamasi. "Ungeniambia," akasema. "Mimi nafanya kazi hospitali, jamani. Ungeniambia mimi."

"Niliogopa utaniambia niache."

"Ningekuambia."

Mwalimu akakohoa, akauliza sasa wanafanyaje, kwa sababu mbio nyingine ni Jumamosi na wamebaki wawili. Mama alitaka kuinuka aweke mkono begani kwa mwanawe, akaona asubiri, kwa kuwa alikuwa akivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema.

"Mtafuteni dereva mwingine wa zamu yangu, sina kinyongo," Fundi akasema. "Ila mimi naomba mnipe kazi yoyote isiyotaka kuona pembeni. Hata kuwahesabia mafuta ya gari wakati wa mbio, nitahesabu. Naomba msiniache nje."