Mwosha Maiti katika Kituo cha Ubudha

Kituo chetu ni nyumba ya kupanga hapa Bagamoyo, vyumba vinne, tawi la chuo kikuu kinachofanya utafiti wa dini ya Kibudha. Hatusali humo. Nimechoka kuwaeleza watu hilo. Kila nikienda kununua vitumbua asubuhi, muuzaji huniuliza sanamu letu limeamkaje, nami humjibu limeamka na adabu kuliko yeye. Kazi yangu ni kutia katika Kiswahili maandishi ya kale ambayo profesa wetu ameshayatafsiri kwa Kiingereza. Profesa ni mama mtu mzima kutoka Sri Lanka, aliyejifunzia Kiswahili Unguja.

Mwaka jana alinipa mafundisho yanayomtaka mtawa akae mbele ya maiti, aitazame inavyobadilika siku baada ya siku. Wenzangu walishikwa na kichefuchefu. Mimi sikushikwa na chochote, kwa sababu kwetu Mlingotini nimo katika wanawake wanaoosha maiti za kike. Profesa alipolijua hilo, akavuta kiti.

"Dada, nyinyi mkiosha huona nini?"

"Tunaona, Mwalimu, ila hatusemi. Aibu ya maiti inabaki nyuma ya pazia. Ukiitoa nje, umemvua marehemu sanda."

Hakunibana niseme, na nilimpenda kwa hilo.

Tafsiri ilipokwisha tukafanya kama siku zote: mfasiri anasoma kwa sauti, rekoda inanasa, profesa anasikiliza amefumba macho, ili maneno yanayokwama yajulikane. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, madirisha wazi. Nakumbuka nilisoma kurasa tatu, nikafunga daftari, tukanyamaza kidogo, kisha nikaenda kuswali adhuhuri. Zaidi ya hapo sikumbuki kitu, wallahi.

Kesho yake nilivaa hedifoni ili nichape nilichosoma. Kurasa tatu zikaisha. Nikasikia daftari likifungwa. Halafu sauti yangu ikaendelea.

Ilikuwa sauti ya taratibu, ile ninayowaelekezea wanawake wenzangu: mimina, geuza, mfunike. Ilisema aliyelala hapa ni shangazi, dada wa baba yangu, aliyenifundisha kazi hii. Ilisema mumewe ametuambia kwamba shangazi ameteleza kisimani. Kisha ikasema nimemwinua kidevu nimwoshe shingo, na shingoni kuna alama za vidole, vinne upande mmoja, kimoja upande wa pili, nami nazimwagia maji, nazimwagia tena, kama uchafu utakaotoka.

Nilivua hedifoni na bado nikawa naisikia.

Yote hayo ni kweli. Miaka sita sijayatamka, hata mbele ya mama yangu. Nilijiambia namsitiri shangazi. Nilikuwa mwoga tu, na mumewe nilimpa mkono wa pole msibani.

Nilikwenda kwa profesa nikilia, rekoda mkononi, nikamwomba afute.

"Jana nilifumbua macho," akasema polepole. "Ulikuwa unaongea huku mikono yako inaosha hewani. Nilikuita mara mbili, hukunisikia. Nilidhani ukiamka utaniambia mwenyewe." Akaichukua rekoda, akaweka kidole kwenye kitufe. "Maneno ni yako. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

Nilitaka kusema ndiyo. Shangazi alinifundisha kufunika, na hakuwahi kunifundisha lini mtu afunue. Isitoshe ningesema nini mbele ya ukoo, kwamba niliona, nikakausha maji, nikamvisha sanda?

"Usifute, Mwalimu," nikasema, na safari hii nilijisikia nikisema.

Akaniuliza kwa nini.

"Mumewe ameoa tena, binti wa Mbegani. Ijumaa alinisimamisha njiani, akanisalimia vizuri. Nikamuuliza mkewe hajambo? Akasema hajambo, ila juzi ameteleza bafuni."